Kocha wa Timu Isiyokatwa

Kila Julai, kwenye basi la kampuni linalotoka Dubai Investments Park, kuna abiria mmoja anayepanda na koti zito la baridi mkononi, na wenzake humcheka mpaka wachoke. Jua limewaka hadi kishikio cha mlango hakishikiki, na Zadock Mukhwana amebeba koti. Lakini lindo lake liko mlangoni pa uwanja wa barafu, ndani ya jumba la michezo, ambako watu wenye pesa zao hulipa ili watetemeke. Huu ni mwaka wake wa tisa Dubai, na minne ya mwisho ameimalizia pale, pua ikichuruzika, akiwatazama Wakanada waliovaa viatu vya vyuma wakifukuzana kwa magongo nyuma ya kisahani cheusi cha mpira.

Magongo anayajua. Si hayo ya barafu. Anajua ya uwanjani, ya kimpira kidogo kigumu kama jiwe. Shuleni kule Kimilili alikuwa golikipa, na pengo la meno mawili ya mbele ndilo cheti chake. Hakudhani pengo hilo lingemfaa kitu tena maishani, hadi siku meneja wa kampuni yao ya ulinzi alipolitazama na kumuuliza kama aliwahi kucheza, kisha akamkabidhi timu ya kampuni aifundishe. Dubai kuna matajiri waliokua wakicheza mchezo huo vichochoroni, pamoja na majirani zao wa Kihindi na Kipakistani, na walipokuwa watu wazima kila mmoja akataka timu yake. Makampuni sita yana ligi: ya ulinzi, ya usafi, ya dobi, ya malori na mengine mawili. Mchezaji huletwa kwa viza ya mlinzi au mfagiaji, na kufagia anafagia kweli, ila kilichomleta ni magongo.

Zamani kampuni ya dobi ilikuwa inawazoa wachezaji wote wazuri kwa mishahara minono, na kila mwaka kombe lilikuwa lake. Wenzao wakachoka. Wakakaa kikao, wakaweka kikomo: hakuna kampuni itakayomlipa mchezaji zaidi ya dirham elfu mbili na mia tano. Wakapeana mikono, wakasema sasa mambo yako sawasawa, atashinda mwenye akili. Tangu siku hiyo timu ya Zadock, Walinzi, ikachukua kombe mara tatu mfululizo.

Hapo ndipo Zadock alipoanza kuitwa Coach. Jina hilo lilimwingia kichwani. Alianza kutembea mikono ikiwa nyuma, akawa anawakatiza watu wakizungumza, na akipiga simu nyumbani alijitaja kwa cheo kabla ya jina. Bosi wao, Mohannad, alimtoa kwenye zamu za usiku, akamwahidi kwamba kombe la nne likija atamfanya msimamizi wa walinzi wote wa jumba lile. Mkewe, Precious, alikuwa ameshaanza kuwaambia watu kanisani.

Siri ya ushindi wenyewe ilikuwa kitanda. Marehemu baba yake Mohannad alijenga jengo la wafanyakazi pale Dubai Investments Park, akaacha neno kwamba hakuna mtu atakayelipa kwa kulala nyumbani kwake, na mtoto alilishika neno la baba. Makampuni mengine matano yalikodi vyumba, kwa hiyo kila mwezi yalimkata mchezaji dirham mia sita za kitanda, chakula na basi. Kwenye mkataba wote walikuwa elfu mbili na mia tano. Mfukoni ilikuwa habari nyingine kabisa. Vijana walijua. Mkataba ukiisha, aliye hodari alikuwa hamuulizi mtu kocha ni nani, anakwenda kwa Walinzi. Wenye makampuni ndio hawakujua, kwa sababu tajiri husoma mkataba, hasomi kilichobaki mkononi mwa mtu tarehe tano, mshahara ukitoka.

Na Zadock? Zadock alijua na hakujua. Kuna mambo mtu huyaweka kando ili apate usingizi mzuri. Ilikuwa lazima aje Mkanada kumwonyesha.

Mkanada huyo alikuwa Nick, mhandisi, beki wa timu ya jioni pale kwenye barafu. Mwezi wa tano alikuwa anabishana na mwenzake kuhusu ligi ya kulipwa ya kwao, mpaka wakamgeukia mlinzi awe hakimu. Nick akaandika kwa kidole kwenye kioo kilichojaa ukungu. Kule Amerika, alisema, kila jimbo hujipangia kodi yake ya mshahara. Florida haitozi, Texas haitozi, Nevada haitozi. California inatoza, na majimbo ya Kanada ndiyo usiseme. Kikomo cha mishahara ni kimoja kwa timu zote, lakini kinahesabiwa kabla ya kodi. Kwa hiyo mchezaji yuleyule kwa bei ileile anabaki na pesa nyingi zaidi Florida kuliko Montreal. Atakubali hata kupunguziwa kidogo, na kile kilichopunguzwa timu inanunulia mtu mwingine. "Ndiyo maana kombe linakwenda kwenye jua," Nick alisema kwa uchungu, kana kwamba ameibiwa yeye.

Mwenzake akakataa. Timu za kusini zilikuwa hazitozwi kodi hata zamani, akasema, na miaka nenda rudi zilikuwa zinafungwa tu. Viwanja vizuri, makocha wazuri, viongozi wenye akili, hayo ndiyo yaliyobadilika. Nick akajibu kwamba zamani hapakuwa na kikomo, tajiri alimlipa mtu kiasi anachotaka hadi kodi isionekane. Kilipowekwa kikomo ndipo kodi ikaanza kuuma. Hawakukubaliana, na sijui kama wamekubaliana hadi leo. Zadock alibaki akikitazama kioo mpaka maandishi yakachuruzika.

Jumamosi hiyo alikuwa na miadi ya chai na Gervas Lyimo huko Discovery Gardens. Gervas alikuwa Mtanzania wa Marangu, mwenye miaka arobaini na saba, kocha wa timu ya kampuni ya usafi ambayo wapinzani waliipachika jina la Fagio. Uwanjani walikuwa mahasimu. Mezani walikuwa ndugu. Mwaka ule Zadock alipolazwa na nimonia ya kule kwenye barafu, Gervas ndiye aliyempelekea uji wodini siku nane, kwa mabasi mawili kwenda na mawili kurudi.

Siku hiyo Gervas alikuwa mnyonge. Fagio ilikuwa imemaliza ya mwisho tena. Mwenye kampuni, Madam Alya, alikuwa ameanza kuuliza maswali, na Gervas aliona wazi kwamba unga wake uko karibu kumwagika. Kwa umri wake nani angempa viza nyingine? Binti yake Severina alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuo cha uuguzi.

"Nimejaribu kila kitu, kaka," Gervas alisema. "Nimebadili mazoezi, nimebadili mfumo. Nikimpika kijana akaiva, anakuja kwako. Labda kweli mimi sina kitu."

Zadock alicheka. Akamwambia yote ya Nick, akachora Florida na Montreal kwa chai iliyomwagika mezani. "Wacha nikuambie, mzee. Sisi ndio Florida. Nyinyi mnakatwa mia sita, sisi hatukatwi. Hata aje malaika kufundisha Fagio, atashika mkia."

Gervas aliifuata ile michoro ya chai kwa kidole. "Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe, ndugu yangu. Hata kidogo."

Na uso wa yule mtu ulivyokunjuka! Alinunua chapati mbili zaidi, akalipia zote. Zadock alirudi bwenini akijisikia mwema, na wema wa namna hiyo, usiomgharimu mtu kitu, ni mtamu sana.

Septemba Madam Alya alimwita Gervas ajieleze. Madam Alya ni wa familia ya Kizanzibari iliyohamia Dubai kabla yeye hajazaliwa. Kampuni na timu alivirithi kwa baba yake, Mzee Aboud, na mchezo wenyewe haujui. Gervas alikwenda amenyoa ndevu, na karatasi mkononi. Akaeleza: madam, kikomo kihesabiwe baada ya makato, siyo kabla, au wachezaji wa timu zote wasikatwe, vinginevyo tutakuwa tunacheza mechi iliyokwisha kuamuliwa. Kama hamniamini, mwiteni kocha wa Walinzi. Yeye ndiye mshindi, hana sababu ya kunipendelea.

Wakamwita. Zadock alipoingia ofisini alimkuta pia bosi wake, Mohannad, amekaa kwenye kochi na kikombe cha kahawa, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa ligi. Mohannad hajui Kiswahili, lakini alimtazama Zadock kwa tabasamu la mtu anayemtazama farasi wake.

"Karibu, baba," Madam Alya alisema. "Mie si mtu wa mpira, kwa hivyo nambie kwa uwazi. Huyu mwenzio anasema nyinyi mwatushinda kwa sababu nyie hamkatwi pesa za kitanda. Anatoa na mifano ya Marekani huko, kodi sijui na barafu. Ndivyo?"

Lilikuwa swali la ndiyo au hapana. Zadock alifumbua mdomo akiwa bado hajajua litakalotoka. Aliona usimamizi ukiyeyuka. Aliona vijana wake wakipunguziwa mshahara na kumlaumu. Zaidi ya yote, na hili ndilo linalomtafuna, aliona jina la Coach likivuliwa mbele ya watu na kupewa kitanda cha chuma.

"Madam, kukatwa siyo sababu," akasema, macho kwenye zulia. "Walinzi tulikuwa hatukatwi hata zamani, na tulikuwa tunafungwa sita, tunafungwa saba. Nyumba ni ileile. Vitanda ni vilevile."

"Basi kilichobadilika ni nini?"

"Ni nidhamu, madam."

Kila neno lilikuwa la kweli, na lote kwa pamoja lilikuwa uongo. Alikuwa amechukua hoja ya yule Mkanada wa pili na kuliacha jibu la Nick kwenye kioo. Zamani walifungwa kwa sababu zamani hapakuwa na kikomo. Alilijua hilo vizuri kama anavyolijua jina la mama yake. Madam Alya akatafsiri kwa Kiarabu, na Mohannad akapiga paja akisema, "Khalas!", yaani yamekwisha. Zadock alikuwa amemruka rafiki yake futi mia, mchana kweupe, na hewa ya ofisi ikinukia udi.

Madam Alya akamgeukia Gervas. Hakuwa na hasira. Alikuwa amevunjika moyo, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Na hizi hadithi za Florida, Gervas, nani kakutia kichwani?"

Gervas alimtazama Zadock. Hapo ndipo Zadock alipotamani sakafu ipasuke. Jina lake lilikuwa tayari mdomoni mwa yule mtu. Kulitamka tu, na Madam Alya na Mohannad wangejua nani muongo. Tena lingekuwa halali yake.

"Niliyasikia kwenye simu tu, madam," Gervas akasema. "Video za watu."

Mohannad akacheka. Zadock naye, Mungu amsamehe, akatoa kicheko kidogo.

Viza ya Gervas ilifutwa mwisho wa mwezi. Zadock hakumpigia simu. Kila jioni alijiambia kesho, na kesho yake akajiambia kwamba mtu mwenye shida huachwa apumzike kwanza. Aliacha kwenda Discovery Gardens, na akiona mtu mwenye mabega mapana kama ya Gervas kituoni alijitia anafunga kamba za kiatu. Hapakuwa na aliyemlaumu, wala hapakuwa na aliyejua, na bado alitembea kama mtu aliyechanikiwa na suruali nyuma.

Mohannad naye alikuwa amelipenda sana lile neno. Msimu mpya ulipokaribia alishonesha jezi, na mgongoni, pale panapokaa jina la mchezaji, akaandikisha kwa Kiarabu, kwa Kiingereza, na kwa heshima ya kocha, kwa Kiswahili, herufi kubwa za dhahabu: NIDHAMU. Siku ya kupiga picha aligawa jezi kwa mkono wake mwenyewe. Sammy, mshambuliaji aliyekuwa ametoka Fagio wiki ile ile, aliigeuza yake, akaisoma, akamwangalia kocha wake mpya.

"Coach, hii nidhamu iko na overtime?"

Timu nzima ikaangua kicheko. Walijua wote kwamba kilichomleta Sammy ni kitanda cha bure. Zadock alicheka mwisho, na masikio yalimwaka moto mpaka picha zikaisha.

Alikuwa bado yuko uwanjani simu ilipolia. Gervas. Alisema anaondoka leo, ndege ni ya jioni, yuko sokoni Al Ras na mizigo imemshinda. Wabeba mizigo wanataka bei za ajabu. "Njoo unisaidie, kaka, kama unaweza." Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa. Zadock alikimbia kituoni bila kuoga wala kubadili nguo. Alikuwa ndani ya metro, ameshapita nusu ya safari, ndipo mama mmoja wa Kifilipino nyuma yake alipoanza kuisoma ile jezi silabi kwa silabi akimfundisha mtoto. Hakuwa na koti. Siku pekee alipolihitaji nje ya barafu, alikuwa ameliacha bwenini.

Gervas alikuwa kwenye kichochoro cha wauza jumla, kati ya magunia ya bizari na mashada ya mdalasini, amezungukwa na sufuria zilizopachikana, blanketi mbili na boksi lililofungwa kamba. Alikuwa amepungua. Walisalimiana kwa mikono miwili. Kifuani jezi ilikuwa na nembo ya kampuni tu, na Zadock aliapa moyoni kwamba mgongo wake Gervas hatauona.

Kwa hiyo alijitwika boksi na kutembea nyuma. Mkokoteni ukija, anajibanza ukutani uso mbele. Gervas akisimama kuuliza bei ya zafarani, Zadock anasimama upande, mgongo kwenye magunia. Mwenye duka alimfokea kwa kumwaga ndimu zake kavu.

"Mbona unabaki nyuma?" Gervas akauliza. "Twende sambamba, tuongee."

"Njia ni nyembamba, mzee."

Waliongea hivyo hivyo, mmoja mbele, mwingine nyuma. Severina hajambo. Chuo wamekubali alipe kidogo kidogo. Gervas angejaribu kufuga kuku. Mara tatu Zadock alivuta pumzi ili aseme, na mara tatu akaishia kuuliza habari za kuku. Walipofika barabarani teksi ilikuwa inasubiri, buti wazi, dereva hataki kushuka. Boksi lilikuwa zito. Hakukuwa na namna nyingine. Zadock akageuka, akainama, akalisukuma ndani, na akiwa ameinama hivyo alisikia kimya nyuma yake, kimya cha mtu anayesoma.

Alibaki na kichwa ndani ya buti, akijifanya anapanga sufuria ambazo zilikuwa zimepangika. Machozi yalimtoka palepale, kwenye harufu ya petroli.

"Mzee Gervas," akasema bila kugeuka, "siku ile kwa madam..."

"Ni kweli nilisema uitwe, kaka, lakini si ili unitetee." Gervas alizungumza polepole, kama anayemweleza mchezaji kosa lake baada ya mechi. "Nilishamweleza kila kitu kabla hujaingia. Alikuwa ameniamini. Alikuwa ameshika kalamu ili aandike barua kwa wenzake, wewe hukuona kwa sababu ulitazama chini. Alikuita kwa utaratibu tu. Ulipoanza kusema, akaiweka kalamu mezani." Zadock alipotoa kichwa, Gervas akafunga buti, taratibu, asimbane vidole. "Ungenyamaza tu. Ungenyamaza, ingetosha."

Akamshika bega, akamwambia amsalimie Precious, akaingia kwenye teksi. Zadock alisimama kando ya barabara mpaka mbeba mizigo mmoja akampigia kelele apishe mkokoteni, na akapisha.